Paa la kitambaa: Usafi kwanza, dawa baadaye

WENYE magari ya paa la kitambaa linalokunjwa hukimbilia dawa ya kuzuia maji punde waonapo matone ndani ya gari. Lakini dawa hiyo haishiki juu ya uchafu.

Kitambaa hicho hutoka kiwandani kikiwa kimetiwa kinga dhidi ya maji. Jua kali, vumbi na kinyesi cha ndege huimaliza kinga hiyo polepole. Ili kuipima, paa hunyunyiziwa maji. Yakifanya matone na kuteleza, kinga ingalipo. Yakifyonzwa, imekwisha.

Kwanza vumbi liondolewe kwa brashi laini, paa likiwa kavu. Kisha lioshwe kivulini kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. Jiki isitumiwe, kwani hula nyuzi na kufifisha rangi. Mashine za kurusha maji kwa nguvu nazo huweza kufumua mishono. Sabuni yote isuuzwe, maana mabaki yake huzuia dawa kushika.

Paa lisikunjwe likiwa na unyevu, la sivyo litaota ukungu. Likishakauka kabisa, vioo na bodi vifunikwe, kisha dawa ipakwe mara mbili, safu nyembamba, hasa kwenye mishono. Gari likingwe na mvua hadi dawa ikauke.

Iwapo maji yatazidi kupenya, huenda kosa si la kitambaa. Mipira ya madirisha na mifereji ya kuondoa maji ichunguzwe kabla ya fedha zaidi kutumiwa kwa dawa.