Karani na Tarishi: Kufundisha Kumbukumbu za Programu

Mwalimu wa somo la kompyuta hana budi kuanzia kwenye jambo ambalo mwanafunzi amekwisha kuliona. Kwa mwanafunzi wa Mwanza, jambo hilo ni mwalo. Mwaloni karani huandika uzito wa sangara, sato na dagaa. Haandiki kila neno lisemwalo ufukweni. Agizo alilopewa ndilo liamualo lipi liandikwe.

Programu nayo huweka kumbukumbu za utendaji wake. Tangu toleo la 1.4 la mwaka 2002, lugha ya Java ina zana yake yenyewe ya kazi hii. Ujumbe hupangwa katika ngazi 7: SEVERE, yaani hatari kubwa, kisha WARNING, INFO, CONFIG, FINE, FINER na FINEST. Maagizo huweza kuwekwa katika faili la pembeni au kuandikwa ndani ya programu. Njia ya pili humfaa anayeanza, kwani huona agizo na matokeo yake pamoja.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mwanafunzi huandika logger.setLevel(Level.FINE), lakini ujumbe wa FINE hauonekani. Mwalimu asimlaumu. Agizo ni sahihi, ila halijakamilika, maana ujumbe hupita milango miwili: Logger, ambaye ni karani, na Handler, ambaye ni tarishi. ConsoleHandler asipoagizwa vingine hukomea INFO.

Ili jambo hili lieleweke, wasimamishe wanafunzi watatu mbele ya darasa. Mvuvi aseme, “Nimebadili nyavu.” Karani, aliyeruhusiwa yote, apitishe. Tarishi, aliyeagizwa habari kuu tu, anyamaze. Kisha uliza: Nani amezuia habari?

Baada ya hapo andika ubaoni:

Handler h = new ConsoleHandler();
h.setLevel(Level.FINE);
logger.addHandler(h);
logger.setUseParentHandlers(false);

Mstari wa mwisho humzuia tarishi wa mzazi, ili habari kuu zisitangazwe mara mbili. Waache wanafunzi waufute mstari huo na kujionea wenyewe.

Siku chombo kisiporudi, daftari tupu halimsaidii mtu. Vivyo hivyo, mwanafunzi alaumiwaye kwa kosa asilolitenda huacha kuuliza, na mwalimu hatajua alipokwama.