Swichi Zisizokuwa Swichi: Tatizo Moja la Tafsiri ya Istilahi za Umeme kutoka Kijerumani hadi Kiingereza

Mfasiri akabidhiwapo kwa mara ya kwanza matini ya Kijerumani ya uhandisi wa umeme, kimtishacho ni urefu wa maneno. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Neno refu la Kijerumani huonyesha viungo vyake, na msomaji mvumilivu aweza kuvitenga kimoja baada ya kingine. Makala haya yanadai kwamba hatari imo katika maneno mafupi ya kila siku, ambayo kila kamusi inayo na ambayo mfasiri haoni haja ya kuyatazama mara mbili.

Tuchukue 'Widerstand'. Kwa Mjerumani neno hili ni sifa ya kitu kupinga mkondo wa umeme, na pia ni kile kifaa kidogo chenye mistari ya rangi kitiwacho ndani ya redio. Kiingereza hutenganisha mambo haya: sifa ni 'resistance', kifaa ni 'resistor'. 'Spannung' nalo kwa fundi wa umeme ni volteji, lakini kwa mjenzi wa madaraja ni mkazo uliomo ndani ya chuma. 'Strom' halitusumbui sisi. Ni mto mkubwa, na Kiswahili nacho kiliutoa mkondo majini kikautia katika waya.

Mfano mzito zaidi ni 'Schalter', yaani swichi. 'Leistung' ni 'power'. Basi 'Leistungsschalter', kwa hesabu ya kamusi, ni 'power switch'. Hesabu ni sahihi, jibu ni kosa. Kifaa hicho ndicho Waingereza wakiitacho 'circuit breaker', nacho kimeundwa kukata mkondo hata unapofurika kwa sababu ya hitilafu na kufikia maelfu ya ampea. Jamaa yake, 'Trennschalter', kwa Kiingereza 'disconnector', hakikuundwa kwa kazi hiyo. Chenyewe huacha pengo baada ya mkondo kukwisha kukatwa kwingine, ili fundi aguse mtambo kwa salama. Mfasiri akiviita vyote viwili 'switch', mwendeshaji wa kituo aweza kukitenganisha hiki cha pili wakati mzigo ungali ukipita. Hapo hewa ya katika pengo hugeuka njia ya umeme, na mwali mkali huweza kuyeyusha chuma na kumuunguza aliye karibu. (Nasema 'kutenganisha', si 'kufungua', kwa maana Mswahili afunguaye redio huiwasha.)

Lipo pia tatizo la wakati. 'Nulleiter', ambalo tangu marekebisho ya tahajia ya 1996 huandikwa kwa l tatu, kamusi nyingi hulipa neno 'neutral'. Lakini katika mitambo ya zamani ya Ujerumani waya huo mara nyingi ulibeba kazi mbili: kurudisha mkondo, na kulinda watu kwa kuunganishwa na magamba ya chuma ya vyombo. Ukikatika, gamba la chombo laweza kushika umeme. Msomaji wa Kiingereza aonaye 'neutral' peke yake hatambui kwamba ulinzi wote unautegemea waya huo mmoja. Istilahi ya sasa, 'PEN conductor', husema kazi zote mbili.

Tume ya Kimataifa ya Elektrotekniki, iliyoundwa 1906, ilitoa toleo la kwanza la msamiati wake mwaka 1938. Humo kila dhana hupewa namba yake, na istilahi za lugha mbalimbali hupangwa chini ya namba hiyo. Utaratibu huo ni bora kuliko wa kamusi, kwa kuwa huanza na dhana wala si neno. Hata hivyo, msamiati huo huandika yaliyokubaliwa. Haumwambii mfasiri fundi wa 1955 alikusudia nini. Kwa matini ya namna hiyo shahidi wa kutegemewa ni mchoro wa mtambo. Mfasiri aufuate waya kwa kidole mpaka aone umefungwa wapi, ndipo achague neno. Na mchoro ukikosekana, aliache neno la Kijerumani mahali pake na kueleza shaka yake pembeni ya ukurasa.