Diski Iliyo Kazini Hainakiliki

Kukloni diski ni kuchukua kila kilichomo katika diski moja, yaani mfumo endeshi, programu, mipangilio, faili za mtumiaji na hata ile sehemu ndogo inayoiamsha kompyuta, na kukihamishia katika diski nyingine kwa mpangilio uleule, hivi kwamba kompyuta ikifungwa diski mpya huwaka kana kwamba hakuna kilichobadilika. Hapo ndipo kukloni kunapotofautiana na nakala rudufu ya kawaida, ambayo huhifadhi hati na picha lakini humwachia mwenye kompyuta kibarua cha kusakinisha mfumo mzima upya. Kwa watumiaji wa Linux katika kompyuta za mezani, programu inayotajwa sana kwa kazi hii ni Clonezilla, nayo ina jambo moja la kushangaza: huingia katika mfumo kwa amri mbili tu, lakini ikishaingia humo haiwezi kuifanya ipasavyo kazi ambayo wengi huitafutia, yaani kuikloni diski ileile inayoendesha mfumo huo.

Clonezilla ni programu huria yenye leseni ya GPL, na ilitengenezwa Taiwan katika kituo cha kitaifa cha kompyuta zenye uwezo mkubwa, NCHC, na timu ambayo Steven Shiau ni mmoja wa wahandisi wake wakuu. Kabla yake, jina lililotawala uwanja huu lilikuwa Ghost, programu ya kibiashara iliyoandikwa na Murray Haszard wa New Zealand katikati ya miaka ya 1990 na kununuliwa na kampuni ya Symantec mwaka 1998. Kongwe kuliko zote hizo ni amri ya dd, iliyorithiwa kutoka mfumo wa Unix wa miaka ya 1970 na ambayo bado imo katika karibu kila Linux, ikiwa na nguvu nyingi na huruma kidogo.

Ubora wa Clonezilla huonekana inapolinganishwa na dd. Amri hiyo haijui faili ni nini, bali husoma diski tangu mwanzo hadi mwisho na kuandika ilichosoma, ikiwa ni pamoja na nafasi tupu. Diski ya GB 500 inayosomwa kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde itaichukua takribani saa moja na dakika 23, hata kama data iliyomo ni GB 60 tu. Clonezilla, kwa upande wake, huikabidhi kazi programu ndogo iitwayo Partclone, ambayo husoma kwanza daftari la mfumo wa faili, yaani utaratibu unaoonyesha ni sehemu zipi za diski zina data na zipi ziko wazi, kisha hunakili zile zenye data pekee, na kwa kasi ileile ingemaliza kazi hiyo kwa dakika 10 hivi. Mifumo ya faili ya Ext4, XFS, Btrfs na NTFS ya Windows yote inaielewa. Ikikutana na mfumo isioufahamu, hurudi kwenye njia ya dd.

Usakinishaji wenyewe hauna makuu. Katika Debian na Ubuntu, programu hii imo katika hazina rasmi, yaani ghala la mtandaoni ambamo mfumo huchukua programu zake, na kwa Ubuntu iko katika tawi la hazina liitwalo universe. Mtumiaji hufungua dirisha la amri, huandika «sudo apt update» ili orodha ya hazina isomwe upya, kisha «sudo apt install clonezilla», na Partclone huletwa pamoja nayo bila kuombwa. Ikianzishwa kwa «sudo clonezilla», hutokea skrini ya maandishi yenye menyu, isiyo na urembo wowote.

Tatizo huanzia hapo. Kizigeu, yaani mgawo wa diski unaojitegemea, kinapotumika husemwa kuwa kimepachikwa, na kizigeu chenye mfumo endeshi hupachikwa muda wote kompyuta inapokuwa imewaka. Mfumo huendelea kuandika kumbukumbu, kusogeza faili za muda na kuhifadhi mipangilio, kwa hiyo anayekinakili wakati huo ni kama mtu anayehesabu kuku huku wengine wakiingia bandani na wengine wakitoka. Kwa sababu hiyo Clonezilla hukataa kunakili kizigeu kilichopachikwa, na ukataaji huo ni uungwana, kwa kuwa dd ingekubali bila neno na kutoa nakala ambayo kasoro yake ingejulikana siku ya kuihitaji. Programu iliyosakinishwa ndani ya mfumo inafaa kwa diski nyingine zilizochomekwa, kama ile ya nje au iliyotolewa katika kompyuta nyingine.

Kwa diski ya mfumo wenyewe hutumika Clonezilla Live, ambayo ni Linux ndogo inayojitegemea, isiyofikia GB 1, inayoandikwa kwenye flashi na kuiwasha kompyuta moja kwa moja kutoka humo, ili diski ya ndani ibaki imetulia. Faili yake ikishapakuliwa, inafaa kuhakikiwa kwa «sha256sum» na matokeo kulinganishwa na yale yaliyotangazwa na watengenezaji, kisha iandikwe kwenye flashi kwa programu ya Disks inayokuja na Ubuntu. Anayechukia skrini ya maandishi anaweza kutumia Rescuezilla, yenye vitufe na madirisha, ambayo nayo hutegemea Partclone.

Hatari kubwa kuliko zote haimo katika usakinishaji, bali katika kutambua diski ipi ni chanzo na ipi ni lengo. Linux huziita diski kwa majina kama /dev/sda, /dev/sdb au /dev/nvme0n1, na majina ya herufi yanaweza kubadilishana kompyuta inapowashwa tena, hivyo aliyeandika jana kwamba sda ni diski ya zamani hana uhakika kwamba ndivyo ilivyo leo. Amri ya «lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL» huonyesha ukubwa, modeli na namba ya utambulisho ya kila diski, na namba hiyo ndiyo ya kuaminiwa. Clonezilla huuliza uthibitisho zaidi ya mara moja kabla ya kufuta lengo; kubonyeza herufi ya kukubali bila kusoma ni kuitupa hisani hiyo. Kwa kawaida lengo halipaswi kuwa dogo kuliko chanzo, hata kama data ni chache, na likiwa kubwa zaidi nafasi inayobaki huongezwa kwenye kizigeu kwa kutumia programu ya GParted. Diski iliyoanza kuharibika nayo si ya Clonezilla, bali ya GNU ddrescue, iitwayo gddrescue katika hazina za Debian na Ubuntu, ambayo huokoa kwanza sehemu zinazosomeka na kurudia zile mbovu baadaye.

Baada ya kunakili, diski mbili huwa na UUID zilezile, yaani namba ndefu ambazo Linux huzitumia kutambua vizigeu kupitia faili ya /etc/fstab. Zikiachwa zote mbili ndani ya kompyuta, mfumo unaweza kupachika ya zamani huku mwenyewe akiamini anatumia mpya, kwa hiyo moja hutolewa kabla ya kuwasha. Katika maabara ya shule, ambako diski moja huzaa kompyuta 20, kuna la ziada: faili ya /etc/machine-id na funguo za SSH, njia ya kuingia katika mashine kwa mbali, hunakiliwa pia, na mashine zenye utambulisho mmoja zinaweza hata kupewa anwani moja ya mtandao, hadi fundi atakapozalisha upya faili na funguo hizo katika kila mashine.