Mpiga Picha wa Mkono Mmoja

Wazee walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Je, mkono mmoja waweza kufungua kamera nzito ya mbao, kuitia sahani ya kioo na kupiga picha iliyo safi? Habari za Josef Sudek, mtu wa nchi ya Wacheki, zatoa jibu.

Sudek alizaliwa mwaka 1896 katika mji wa Kolín, akajifunza ufundi wa kujalidi vitabu. Kupiga picha hakukuwa kazi yake. Kulikuwa jambo alilolipenda baada ya saa za kazi. Mwaka 1915 aliingizwa katika jeshi la Austria na Hungaria, akapelekwa kupigana na Waitalia, na kamera yake akaichukua. Huko alijeruhiwa mkono wa kulia, hata madaktari wakalazimika kuukata begani.

Msiba huo ulimpokonya riziki, kwa maana kujalidi ni kazi ya mikono miwili: mmoja hushika, wa pili hushona. Alipewa nafasi ya kazi ya ofisini, nayo ni kazi ya heshima, lakini aliikataa. Alichagua kuishi kwa pensheni ya askari mlemavu, na kuanzia mwaka 1922 hadi 1924 alisoma upigaji picha katika shule mjini Prague. Askari wenzake waliolemazwa na vita walikuwa miongoni mwa watu aliowapiga picha siku hizo.

Kidonda cha mwili kilipona, cha moyo kikabaki. Mwaka 1926 alifuatana na rafiki zake wapiga muziki kwenda Italia. Kwa masimulizi yake mwenyewe, usiku mmoja aliwaacha muziki ukiendelea, akatembea hata akalipata shamba alimojeruhiwa. Mkono wake hakuuona. Alirejea Prague baada ya miezi miwili, wala hakusafiri tena nchi za kigeni.

Kwa kuwa hakuweza kukimbilia mambo yapitayo upesi, Sudek alichagua vitu vitulivyo: kanisa kuu, bustani, yai, glasi ya maji. Kamera aliisimamisha juu ya miguu mitatu, na mkono mmoja ulipopungukiwa, alitumia meno. Wakati Wajerumani walipoitawala nchi hiyo, 1939 hadi 1945, ilikuwa vigumu kutembea na kamera barabarani. Naye alipiga picha dirisha la chumba chake, pamoja na ukungu na matone ya maji juu ya kioo. Picha hizo zilimpa sifa kubwa. Mwaka 1959 kilitoka kitabu chake chenye picha ndefu 284 za Prague na viunga vyake, alizozipiga kwa kamera kuukuu.

Hata hivyo methali ile haikusema uongo. Dada yake Božena na vijana wasaidizi walikuwa mkono wake wa pili, naye hakuona haya kusaidiwa. Alifariki mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 80.

Basi mtu aliyeumia, na bado aipenda kamera, asiiweke sandukuni. Na aitafutie miguu mitatu imshikie uzito, achague kitu kisichokimbia, asubiri mwanga mzuri. Aweza kuanza na dirisha la nyumba yake mwenyewe.