Meneja wa mafunzo: Hii kazi si kupanga semina na kugawa soda

Uliza msee yeyote pale Kisii mjini kazi ya meneja wa mafunzo ni gani. Atakuambia ni yule mtu wa kutafuta hoteli, kugawa biro na notibuku, halafu saa saba anaita watu lunch. Hata maofisini wengi hudhani hivyo. Ndiyo maana semina ikitangazwa, swali la kwanza huwa posho ni ngapi, na la pili ni kama iko Mombasa.

Kama umemaliza campo na digrii yako ni ya mambo ya wafanyakazi, hii kazi ikupitie akilini. Lakini kwanza ujue ni kazi gani.

Chukua kiwanda cha majani chai. Huku kwetu viko kibao: Kebirigo, Sanganyi, Nyansiongo na Gianchore upande wa Nyamira, Kiamokama, Nyamache na Ogembo upande wa Kisii. Vyote ni vya wakulima wadogo chini ya KTDA. Jani linachumwa, karani analipima kituoni, lori linalibeba, linanyaushwa, linapita kwa mashini za kukata na kusokota, linaachwa libadilike rangi, linakaushwa. Kila hatua iko na mtu, na kila mtu anaweza kuharibu.

Tuseme chai imeanza kuuzwa bei mbaya kule mnada wa Mombasa. Bosi anakuita anasema, "Hawa watu wafunzwe." Ukikimbia kutafuta mkufunzi hapo hapo, umefeli. Kazi yako ya kwanza ni kujua kama shida ni watu kutojua, ama ni kitu kingine. Unavaa koti jeupe unaingia shifti ya usiku. Unaongea na makarani, madereva, mafundi. Labda utapata lori hukwama kwa matope likiwa limejaa, na jani linafika limeshapata joto. Hakuna kozi duniani itatoa lori kwa matope. Hapo ripoti yako inasema wazi: leteni mtu wa barabara, muache watu wa mizani wafanye kazi yao. Bosi hatafurahi.

Lakini labda utapata karani mpya ambaye hakuna mtu alimkalisha chini kumuonyesha kazi. Hiyo ni siku mbili tu. Ama upate mzee mmoja ambaye akishika jani kwa kiganja anajua kama limenyauka vizuri, na mwaka ujao anastaafu, na chini yake hakuna kijana anajifunza. Manze hiyo ndiyo ingefaa ikukoseshe usingizi. Siku huyo mzee ataenda, kiwanda kitabaki na mashini na vitabu vya maelekezo. Mpe vijana wawili sasa, wakae naye miezi. Hauhitaji hoteli.

Na kuna wale wamefanya kazi miaka kumi na tano bila karatasi. Fundi anajua mota ndani nje, lakini promosheni ikitangazwa anaambiwa hana cheti, inaenda kwa kijana aliyemkuta hapo. NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwandani, hufanya mitihani ya ufundi kwa gredi, kuanzia ya 3 hadi ya 1, na mtu anaweza kuikalia kwa ujuzi aliopatia kazini. Meneja mzuri huwatafuta hawa wasee na kuwasukuma wakafanye.

Tukibonga NITA, kuna doh. Mwajiri hulipa ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Wafanyakazi 100 ni 5,000 kwa mwezi, 60,000 kwa mwaka. Mwajiri anayelipa anaweza kudai arudishiwe sehemu ya gharama akifunza watu wake, lakini lazima aombe idhini kabla ya kozi, na mkufunzi awe amesajiliwa. Ukituma watu kwanza ndio ukumbuke fomu, imekula kwako. Kuna makampuni yanalipa hii pesa mwaka baada ya mwaka na hayajawahi kudai hata peni.

Kwa kaunti mambo ni tofauti kidogo. Wafanyakazi wengi hupelekwa Kenya School of Government, na ukitoka huku, Kabete, Embu, Matuga ama Baringo zote ni safari na kulala. Hapo ndio presha huanza. Ukiweka orodha, utapata simu: "Boss, jina langu lisikose." Jina moja huenda kozi tatu kwa mwaka, na nesi wa zahanati ya mashambani haendi hata moja, kwa sababu akienda hakuna wa kubaki na wagonjwa. Orodha ya nani ameenda wapi na lini ndiyo silaha yako. Iweke safi, na uwe tayari kuchukiwa kidogo.

Kuhusu kupima kama kozi imesaidia, Mmarekani Donald Kirkpatrick aliweka ngazi nne mwaka 1959: watu waliipenda? walijifunza? wanatumia kazini? kazi imebadilika? Wengi huishia ya kwanza, ile fomu ya saa kumi ambayo kila mtu anatick "nzuri sana" akiwaza matatu ya Keroka. Rudi baada ya miezi mitatu uone.

Na usisahau lugha. Mkufunzi akitoka Nairobi na slaidi za Kizungu, darasa litaitikia "eeh" mpaka jioni. Weka mtu wa kueleza kwa Ekegusii, maswali yataanza kutoka.

Kuingia, sheria ya 2012 inataka wataalamu wa HR wasajiliwe na IHRM, kwa hivyo panga mitihani ya taaluma hiyo mapema. Anza kama msaidizi wa HR mahali popote, hata sacco, na ujitolee kupokea wafanyakazi wapya na kuwaonyesha kazi. Ukiitwa interview ukaulizwe utafunza watu nini, usitaje kozi hata moja. Waombe kwanza wakupeleke uone watu wakifanya kazi.