Kaptula ya Skii ya Majini: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kulipa

Mlaji anayenunua kaptula ya kuvalia katika skii ya majini, yaani mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na boti, kwa kawaida huuliza kwanza bei, kisha rangi. Tunamshauri aanze na swali jingine: vazi hili litafanya nini nitakapoanguka? Kuanguka ni sehemu ya mchezo huu, na anayejifunza huanguka mara nyingi kuliko anavyosimama. Boti humvuta mchezaji kwa mwendo wa takriban kilomita 30 kwa saa na kuendelea. Katika mashindano ya slalomu kasi ya juu kwa wanaume hufika kilomita 58. Kwa mwendo huo maji humpokea mtu kwa kishindo, na hupenya popote palipo na nafasi.

Ni vyema pia kujua kwamba kaptula ndefu za majini zinazouzwa madukani hazikubuniwa kwa ajili ya skii. Skii ya majini ilianza mwaka 1922 katika Ziwa Pepin, jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako kijana wa miaka 18, Ralph Samuelson, alisimama juu ya mbao mbili alizozikunja ncha na kuvutwa na boti. Kaptula tunazozizungumzia zilitokana na mchezo mwingine, ule wa kupanda mawimbi kwa ubao huko Hawaii na California. Mpanda mawimbi hulala juu ya ubao, kisha husimama; havutwi kwa kamba wala haburutwi. Kwa hiyo kaptula iliyo nzuri sana kwa mawimbi, au kwa matembezi ya ufukweni, yaweza kuwa na upungufu nyuma ya boti.

Kiuno na mapaja

Upungufu wa kwanza huonekana kiunoni. Kaptula inayoshikiliwa na lastiki peke yake haifai. Mtu akianguka na kuendelea kung'ang'ania kamba, boti humburuta, maji huingia kiunoni na kuisukuma nguo kuelekea miguuni. Si ajabu mchezaji kurudi botini akiwa ameishikilia kaptula kwa mkono mmoja huku wenzake wakitazama pembeni kwa adabu. Tafuta kiuno kigumu kisichovutika, chenye kamba iliyopitishwa kwenye matundu na kushonewa ndani ili isichomoke, pamoja na utepe wa kunata mbele. Zipu na vifungo vya chuma viepukwe. Chumvi ya bahari huvila, na fundo au kifungo kikubwa kilichobanwa chini ya jaketi la kuokolea maisha huchubua tumbo.

Kipimo bora hufanyika dukani, tena hakigharimu chochote. Katika skii ya majini mchezaji huanza akiwa ndani ya maji, magoti ameyakunja karibu na kifua, ncha za skii zikiwa juu ya uso wa maji, akingoja boti ianze kumvuta. Basi ingia chumba cha kujaribia nguo, chuchumaa hivyo hivyo, na ukae kwa muda wa kuhesabu hadi 20. Je, kiuno kimeachana na mgongo? Kitambaa kimekaza mapajani? Mshono wa katikati ya miguu unakata? Ukiona moja kati ya hayo, mwombe muuzaji saizi nyingine au mshono mwingine. Muuzaji anayekataa nguo kujaribiwa hastahili fedha yako katika bidhaa ya aina hii.

Urefu unaofaa huishia juu kidogo ya goti. Inayofunika goti hunasa mtu anapochuchumaa, na inayopwaya mapajani hujaa maji kama ndoo. Mifuko nayo iangaliwe: mmoja mdogo wa pembeni, wenye tundu la kutolea maji, unatosha.

Kitambaa

Hapa hapahitaji maelezo marefu. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake, nailoni asilimia 4, na poliesta chini ya asilimia 1. Ikizamishwa majini pamba hunyonya zaidi na kuwa nzito. Chagua poliesta au nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kuvutika. Nyuzi hizo huharibiwa na klorini ya mabwawa ya kuogelea, kwa hiyo suuza vazi kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila baada ya kulitumia, ulianike kivulini, wala usilipige pasi. Lebo ikiwa na alama ya UPF 50, maana yake ni kwamba kitambaa hakipitishi zaidi ya sehemu 1 kati ya 50 ya miale ya jua inayounguza ngozi. Sifa hiyo ni nzuri kwa mtu anayekaa botini mchana kutwa akingoja zamu yake.

Jambo lisiloandikwa kwenye lebo

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii. Kaptula ya majini, hata iliyo bora kuliko zote, haizuii maji kuingia mwilini kwa nguvu. Mchezaji anapoanguka kwa matako, au miguu ikiwa imeachana, maji yanaweza kusukumwa kwa kasi ndani ya njia ya haja kubwa au ndani ya uke na kuchana tishu za ndani. Madaktari wameandika kuhusu majeraha haya kwa miongo kadhaa, katika skii ya majini na pia kwa watu walioanguka nyuma ya pikipiki za majini. Baadhi ya waliojeruhiwa walihitaji upasuaji. Tunafahamu kwamba si jambo rahisi kulizungumza mbele ya muuzaji au mwenye boti, na pengine ndiyo sababu husikika kwa nadra. Lakini watengenezaji wa pikipiki za majini huliandika wazi kwenye onyo linalobandikwa chomboni: nguo za kawaida za kuogelea hazitoshi, mpanda avae suruali ya neoprini au vazi lenye kinga iliyo sawa nayo.

Neoprini ni aina ya mpira uliovumbuliwa Marekani mwaka 1930, na ndiyo inayotengenezewa suti za wapiga mbizi. Kaptula ya neoprini hubana mwili kuanzia kiunoni hadi mapajani, na unene wake hupunguza nguvu ya maji. Inunuliwe ikiwa imebana bila kuzuia pumzi wala mwendo wa damu. Ikipwaya haina kazi. Chunguza mishono kwa kuivuta kwa mikono miwili mbele ya mwanga: ukiona matundu ya sindano yamefunguka, iache. Huvaliwa ndani, na kaptula ya kawaida juu yake, hivyo hakuna anayelazimika kubadili sura ya mavazi yake. Wanawake wanaopendelea vazi refu la kuogelea linalositiri mwili wote wanaweza pia kuivaa ndani yake.

Tukiulizwa mtu mwenye fedha ya vazi moja tu anunue lipi, jibu letu ni kaptula ya neoprini. Juu yake avae bukta ya poliesta ya kuchezea mpira aliyo nayo nyumbani. Bukta ikivuka, hasara itakuwa ya bukta tu. Na anayekodi mchezo ufukweni, iwe Nungwi, Diani au kwingineko, amuulize mwenye boti kabla ya kulipa kama vazi hilo limo katika kodi. Swali hilo liende sambamba na swali la jaketi la kuokolea maisha, kwa kuwa hakuna kaptula inayomweka mtu juu ya maji.

Aliyeanguka vibaya, kisha akasikia maumivu ya tumbo la chini au ya njia ya haja, au akaona damu hata kidogo, aende hospitali siku hiyo hiyo na aeleze wazi jinsi alivyoanguka. Asingoje kuona kama yatapoa. Jeraha la ndani laweza kuwapo bila alama yoyote ya nje, na daktari asipoambiwa habari ya boti hana sababu ya kulifikiria.

Mitumba, bidhaa bandia na malalamiko

Kaptula nyingi za majini hapa nchini zinatoka kwenye mitumba, na baadhi yake ni imara kuliko mpya za bei ya chini. Jaribu utepe wa kunata mara kadhaa; ukiachia kwa urahisi mkononi, majini hautashika. Zile zenye wavu wa ndani tunashauri ziachwe. Wavu huo hufanya kazi ya nguo ya ndani, na mitumba ya nguo za ndani imepigwa marufuku nchini kwa sababu za afya.

Kwa bidhaa mpya, linganisha jina la mtengenezaji lililo kwenye lebo ya karatasi na lile lililoshonwa ndani. Herufi zikitofautiana, huenda umeshika bidhaa bandia, na kuiuza ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Muuzaji anayekuhakikishia kwamba kaptula ya kitambaa chepesi inatoa kinga sawa na neoprini, ilhali si kweli, naye anapotosha, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza upotoshaji huo. Dai risiti, na usikate lebo hadi utakapolijaribu vazi majini. Ukija kulalamika, tuletee vitu vitatu: risiti, kaptula yenyewe ikiwa na lebo zake, na maelezo mafupi ya kile ulichoahidiwa na aliyekuuzia.