Picha ya Ukungu: Rudisha Rangi, Usifukuze Asubuhi



Kila mmoja wetu anayo picha ya namna hii katika simu yake: asubuhi kandokando ya ziwa, ukungu umelala juu ya maji, watu wamesimama mbele, na kila kitu kimekuwa buluu. Kwa macho yako siku ile haikuwa hivyo. Ukungu ulikuwa mweupe kama maziwa, kikwembe kilikuwa na rangi zake, na uso wa mtu ulikuwa na uhai. Lakini simu imekuletea watu wanaofanana na wagonjwa. Juma hili tuzungumze namna ya kurudisha rangi hizo, maana ziko picha ambazo hatuwezi kuzipiga mara ya pili.

Mimi ninayo moja. Ni picha ya mama yangu mzazi, amesimama mbele ya nyumba yake karibu na maji, asubuhi mapema katika masika. Mnakumbuka jinsi maji ya Tanganyika yalivyopanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024, hapa kwetu Kalemie kama vile Uvira, Bujumbura na Kigoma. Nyumba nyingi za kandokando ziliingiwa na maji, na ya mama ilikuwa mojawapo. Alitoka na sanduku la nguo, sufuria zake na godoro moja. Leo pale palipokuwa jiko lake mitumbwi inapita. Picha ile ndiyo peke yake inayoonyesha kiwanja kizima, na ilikuwa buluu.

Binti yangu alitaka kumfurahisha nkambo yake. Akafungua picha, akabonyeza kitufe kinachosahihisha kila kitu kwa mara moja. Ukungu ukakimbia, ziwa likawa kama la kalenda, udongo ukawa mwekundu kama tofali. Akahifadhi juu ya ile ya kwanza, akaenda kumwonyesha. Mama akaangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Hapa ni kwa nani?"

Ndipo nilipoanza kujifunza kazi hii, na nimeona si ngumu kuliko kupima chumvi katika mboga. Shida ni kujua mahali pa kuacha.

Kwa nini simu inakosea

Nuru ina rangi, ingawa sisi hatuioni sana. Wapiga picha huipima kwa kipimo kiitwacho kelvini. Mwali wa mshumaa ni karibu 1,900, balbu ya zamani karibu 2,700, jua la mchana karibu 5,500, siku ya mawingu karibu 6,500, na kivulini ni zaidi ya 7,000. Namba ndogo ni nuru ya manjano na nyekundu, namba kubwa ni nuru ya buluu. Macho yetu na akili yetu hujirekebisha zenyewe: karatasi nyeupe unaiona nyeupe karibu na mshumaa, na unaiona nyeupe vilevile chini ya mwembe. Simu haina akili hiyo. Inabahatisha tu, na mara nyingi ukungu unaidanganya.

Ukungu wenyewe hauna rangi. Ni matone madogo sana ya maji, nayo hutawanya rangi zote za nuru sawasawa. Ni kama shuka nyeupe iliyoanikwa kambani: inachukua rangi ya nuru inayoiangukia. Sisi wa Kalemie tuko upande wa magharibi wa ziwa, na jua letu linatokea nyuma ya milima ya Tanzania. Kabla halijatokea, nuru yote inatoka katika anga tupu, na nuru hiyo ni buluu. Kwa hiyo ukungu wa saa kumi na mbili asubuhi unakuwa buluu pamoja na kila kilichomo ndani yake.

Kosa la pili ni la mwangaza. Simu hupima kana kwamba dunia yote ni ya kijivu cha wastani. Ikiona weupe mwingi, inafikiri mwanga umezidi, inaupunguza. Ndiyo maana ukungu mweupe unatoka kijivu kama maji ya kuoshea vyombo.

Kiangazi kina jambo lake. Kile kinachofunika milima ya ng'ambo katika mwezi wa saba na wa nane, mara nyingi ni moshi wa mapori yanayochomwa pamoja na vumbi, si ukungu wa maji. Moshi huo huvuta picha kwenye manjano na kahawia. Dawa yake ni kinyume: unapoza kidogo, huongezi joto. Basi kabla ya kugusa chochote, jiulize: picha hii ni ya ukungu au ya moshi?

Hatua kwa hatua

Kwanza, tengeneza nakala. Usiguse kamwe ile ya kwanza. Mimi niliokolewa na kaka yangu wa Lubumbashi, ambaye nilikuwa nimempelekea picha ile kwa WhatsApp kabla haijaharibiwa. Lakini WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha ili isafiri haraka, na picha niliyorudishiwa ilikuwa imepoteza sehemu ya uzuri wake. Ukitaka kutuma picha ya maana, itume kama hati, yaani "Document", nayo itafika nzima.

Pili, kaa kivulini, weka mwanga wa kioo cha simu katikati, na uzime ule ulinzi wa macho wa usiku unaofanya kioo kuwa cha manjano. Ukiuacha, utasahihisha kosa la kioo badala ya kosa la picha.

Tatu, ongeza mwangaza kidogo mpaka ukungu utoke katika kijivu. Usiuongeze mpaka uwe mweupe mtupu, kwani hapo umbo la mitumbwi na miti iliyo ndani yake litapotea.

Nne, rekebisha rangi. Simu zetu nyingi zinasema Kifaransa: tafuta "Balance des blancs". Katika Snapseed, programu ya Google isiyolipiwa, sehemu hiyo ipo pia. Ndani yake kuna mistari miwili ya kusogeza. "Température" inatoka buluu kwenda manjano. "Teinte" inatoka kijani kwenda waridi. Anza na ya kwanza. Sogeza polepole kuelekea manjano mpaka uone imezidi, kisha rudi nyuma kidogo. Halafu, kama nyuso zina ukijani, gusa ile ya pili kwa kipimo kidogo sana.

Programu nyingine zina alama ya kidoleo: unagusa mahali panapopaswa kuwa peupe au kijivu, nayo inapanga rangi zote kwa kufuata mahali hapo. Wengi wetu tunakosea hapa, kwa kuwa tunagusa ukungu. Ukungu wa mbali una buluu yake ya haki. Ukiulazimisha kuwa mweupe kabisa, watu walio mbele watakuwa rangi ya machungwa. Gusa kitu kilicho karibu, chenye nuru ileile ya mtu unayemtaka: saruji kavu, majivu ya jikoni, karatasi ya daftari. Usiguse bati, maana linarudisha rangi ya anga. Wala usiamini shati jeupe lililopitishwa katika buluu ya kufulia. Hilo lina ubuluu wake tayari.

Mashahidi watatu

Utajuaje kwamba umefika? Mimi ninauliza mashahidi watatu: ngozi, udongo na kikwembe.

Ngozi yetu ina joto ndani yake, hata iwe nyeusi kiasi gani. Ikiwa na ukijivu, bado. Ikiwa kama shaba iliyosuguliwa, umepita. Na kusahihisha rangi si kung'arisha mtu. Zamani, maabara zilizosafisha filamu za Kodak ya Marekani zilipanga rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi ya Shirley, na kwa miaka mingi watu weusi walitoka vibaya katika picha kwa sababu kipimo hakikuwa chao. Leo kipimo kiko mkononi mwetu. Tutumie uso tunaoujua.

Udongo unaujua: kila siku unaufagia. Na kikwembe ni shahidi bora kuliko wote, kwa sababu mara nyingi bado kipo sandukuni.

Ndivyo nilivyofanya kwa picha ya mama. Alikuwa amevaa kikwembe cha kahawia chenye maua ya manjano, alichonunua tulipomaliza matanga ya baba. Katika picha, kahawia ilikuwa nyeusi na manjano ilikuwa kijani. Kikwembe chenyewe kilitoka majini pamoja na sanduku. Nikakitoa, nikakitandaza barazani asubuhi, mahali penye mwanga wa mchana lakini pasipo jua kali, nikaweka simu pembeni. Nikasogeza mstari kidogo kidogo, jicho moja kwenye kitambaa, jicho moja kwenye kioo, mpaka maua yale yakafanana. Uso wa mama ukarudi wenyewe. Sikuugusa.

Acha ukungu mahali pake

Vilima vya mbali vilibaki na ubuluu kidogo. Niliuacha. Hewa iliyo kati yetu na vitu vya mbali hutawanya nuru ya buluu kuliko nyekundu, na hata macho yako yakitazama ng'ambo yanaona hivyo. Kitu cha karibu kiwe na joto, cha mbali kiwe na baridi: ndivyo picha inavyoonyesha umbali. Kama programu yako inaruhusu kupaka marekebisho kwa kidole, mpe joto mtu aliye mbele, ziwa uliache. Na vile vitufe vinavyofuta ukungu, vitumie kama pilipili.

Ukienda kuchapisha picha studio, mwambie fundi asitumie usahihishaji wa mashine, na uombe kwanza moja ndogo ya kujaribu. Iangalie nje, si chini ya taa yake.

Na kwa picha zijazo: katika kamera ya simu, kama ina sehemu ya kuchagua nuru, weka alama ya wingu unapopiga picha katika ukungu. Gusa uso wa mtu, kisha ongeza mwangaza kidogo. Piga moja mtu akiwa ameshika karatasi ya daftari, halafu piga ya pili bila karatasi. Ile ya kwanza itakufundisha namba za kusahihisha ya pili.

Nilimpelekea mama picha mpya iliyochapishwa. Safari hii hakuuliza ni kwa nani. Aliwaita wajukuu, akaweka kidole ndani ya ukungu, mahali ambapo mimi niliona kivuli tu: "Hapa ndipo jiko. Huu ni mwembe. Baba yenu mkubwa alianguka hapa akavunja jino." Wadogo wawili hawajawahi kukanyaga kiwanja kile, na hawatakikanyaga. Sasa wanajua mlango ulitazama wapi.

Katika mkutano ujao, kila mama alete simu yenye picha moja ya namna hii, na kama kikwembe cha siku ile bado kipo, akilete pia. Tutakaa kivulini, tusahihishe pamoja. Na tafadhali, usiguse kitu kabla hujatengeneza nakala.